Nyota Ipigayo Kama Moyo, na Sayari Yake Inayotiliwa Shaka

Mtu akitazama mbingu usiku usio na mawingu huona nyota zikimetameta, na huenda akadhani ya kuwa nuru yao yabadilika kila dakika. Kumetameta huko hakutoki katika nyota, bali hutokana na hewa ya dunia itikisikayo. Hata hivyo, ziko nyota ambazo nuru yao yenyewe huzidi na kupungua, kwa kuwa hutanuka na kunywea kama kifua cha mtu apumuaye. Moja katika hizo ni nyota iitwayo V391 Pegasi. Iko upande wa mbingu ambao Waarabu wa kale waliuita Farasi Mkubwa, wala haionekani kwa macho matupu, yahitaji darubini.

Zamani sana nyota hii ilifanana na jua. Ilipozeeka ilivimba ikawa jitu jekundu, kisha ikapoteza karibu gesi yote ya haidrojeni iliyokuwa imeizunguka. Kilichobaki ni kiini tu. Uzito wake ni kadiri ya nusu ya uzito wa jua, lakini joto la uso wake lapita joto la uso wa jua kadiri ya mara tano. Kiini hicho ndicho kipigacho kama moyo. Kina mapigo zaidi ya moja, na yaliyo makubwa ni mawili: moja hurudia kila baada ya sekunde 349 hivi, na la pili kila baada ya sekunde 354.

Mwezi wa Septemba

Mwezi huo wa mwaka 2007, Bwana Roberto Silvotti, mtaalamu wa nyota wa Italia, pamoja na wenzake, walitangaza katika gazeti la elimu liitwalo Nature ya kuwa nyota hiyo ina sayari. Hakuna aliyeiona sayari yenyewe. Walichokifanya ni kuhesabu mapigo ya nyota tangu mwaka 1999 hadi 2006.

Ili kufahamu hesabu hiyo, na tumfikirie mtu apigaye ngoma ng'ambo ya bonde. Mkono wake haubadili mwendo hata kidogo, lakini yeye mwenyewe huenda mbele na kurudi nyuma. Msikilizaji atasikia mapigo yakiwahi mpigaji akaribiapo, na yakichelewa aendapo mbali. Nuru nayo huchukua muda kusafiri, ingawa yaenda maili 186,000 kwa sekunde moja. Sayari izungukapo nyota huivuta, hata nyota nayo ikazunguka duara dogo, mara ikitukaribia, mara ikitutoroka. Mapigo ya V391 Pegasi yalionekana yakiwahi na kuchelewa kadiri ya sekunde 5, yaani nyota ilisogea karibu maili milioni moja upande huu na upande ule, na mwendo huo ulirudia kila baada ya miaka 3.2. Kwa hesabu hiyo sayari ilikuwa kubwa, yenye uzito usiopungua mara tatu ya uzito wa Mshtarii. Tena mapigo yote mawili yalipatana, jambo lililowapa wataalamu moyo, maana ngoma mbili zikibebwa na mtu mmoja lazima zichelewe pamoja.

Habari hiyo iliwagusa watu kwa sababu yahusu dunia. Baada ya miaka milioni elfu tano hivi, jua nalo litavimba. Utaridi na Zuhura zatazamiwa kumezwa. Kuhusu dunia wataalamu hawajapatana. Sasa, kwa hesabu ya mwaka 2007, sayari ya V391 Pegasi hapo kwanza ilikuwa mbali na nyota yake kadiri ile ile ya dunia na jua, nayo iliokoka. Huo ulikuwa mfano wa kwanza wa namna yake.

Lakini Bwana Silvotti na wenzake hawakuacha kutazama. Walikusanya vipimo vya hadi mwaka 2012, jumla ya saa 1,066, na mwaka 2018 wakatoa hesabu mpya. Hadi mwisho wa mwaka 2008 pigo kuu lilifuata njia iliyotazamiwa. Tangu mwaka 2009 likageuka: muda wake, uliokuwa ukirefuka polepole mno, ukaanza kufupika, na sababu haikujulikana wazi. Huenda mapigo ya nyota huingiliana yenyewe kwa yenyewe. Lililo baya zaidi ni kwamba mapigo yale mawili hayakupatana tena kama kwanza. Waliotangaza sayari ndio hao hao walioandika, bila kuficha, ya kuwa upatano wa awali ulitokea kwa bahati tu. Si kila mtu angekubali kuyavunja maandishi yake yaliyompa sifa.

Hawakusema kwamba sayari haipo. Walisema ya kuwa kuwapo kwake kuna mashaka zaidi kuliko awali, na kwamba yapasa ithibitishwe kwa njia nyingine isiyotegemea mapigo ya nyota, kwa kuwa saa iliyotumiwa kuipima imeonekana kuwa na matatizo yake yenyewe.