Wenye Hawapati Kupe

Vijana, mukisikia neno « mashindano », munawaza nani? Paka yule mwenye kushinda na kubeba kupe. Leo tuzungumze juu ya wengine: wale wenye kujitolea kusaidia mashindano ya mashua za tanga.

Ku kilabu ndogo, karibu kazi yote inafanywa na wanamemba na jamaa zao, bila mushahara. Mashua moja inatia nanga. Mustari wa kuanzia unatoka pale mpaka ku boya. Zikibaki dakika 5, wanapandisha bendera ya kwanza na kupiga honi. Zikibaki 4, wanapandisha ya pili. Ikibaki 1, ya pili inashuka. Kisha ya kwanza inashuka: twende! Sheria inasema kufuata bendera, si mulio, kwani upepo unaweza kumeza sauti.

Mwingine anaweka maboya, na upepo ukigeuka anayahamisha. Mwingine anaandika namba za wenye kumaliza. Wengine wanangojea ndani ya mashua ya moteri, juu ya kuokoa wenye kupinduka.

Kuhesabu

Lakini kazi kubwa ni kuhesabu. Zikitoka mashua 14 na kurudi 13, hakuna mutu anaenda kwake. Wababa wenye kufanya kazi chini ya udongo wanajua jambo hili: taa yenye namba yako isiporudi, wanaanza kukutafuta. Mchungaji wa Luka 15 naye asingejua kama kondoo mumoja amepotea, kama hakuhesabu wote 100.

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua yenye kujaa watu ilizama mu ziwa Kivu karibu na Goma. Wengi walikufa, na hesabu za abiria hazikupatana. Jamaa ngapi zililia bila kujua kama mutu wao alikuwa ndani!

Aliacha mbio

Sheria ya kwanza ya mashindano ya tanga inaamuru kusaidia kila mutu mwenye kuwa katika hatari. Mwaka 1988, ku michezo ya Olimpiki ya Korea ya Kusini, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili katika mbio yake. Akaona watu wawili wa Singapore mu maji, mashua yao imepinduka. Akaacha njia yake, akawatoa, akangojea mpaka mashua ya kuokoa ikawachukua. Alimaliza nyuma sana. Waamuzi wakamurudishia nafasi ya pili, na akapewa medali ya Pierre de Coubertin.

Kwetu wengi hatuna mashua ya tanga. Lakini korali ikipanda kamioni kwenda sikukuu, nani anaandika majina? Jioni, nani anahesabu watoto? Kazi ile haina kupe wala makofi. Kijana, siku ya Mungu inayokuja, chukua daftari na kalamu, uende kwa mukubwa wa korali, umwambie: « Baba, mimi njo nitahesabu. »

*Muzungumze nyumbani: Katika jamaa yetu, nani anatumika bila kuonekana? Tulisha kumushukuru?*