Kongowe ya Wapi? Majina ya Miji Yanayoshirikiwa na Suala la Jina Tupu katika Pwani ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Katika orodha za majina ya mahali nchini Tanzania, jina Kongowe huandikwa chini ya Kibaha na pia chini ya Kisarawe. Msafiri wa Dar es Salaam ana sababu ya karibu zaidi ya kulifahamu jambo hili. Kongowe moja iko katika Barabara ya Morogoro, baada ya Maili Moja na kabla ya Mlandizi. Nyingine iko katika Barabara ya Kilwa, mbele kidogo ya Mbagala. Anayesema kwamba anakwenda Kongowe, bila ya kuongeza neno lolote, huulizwa: "Kongowe ya wapi?" Na huko Mombasa, upande wa bara ya kaskazini, kuna Kongowea, jina ambalo mapokeo yanalihusisha na asili ya mji wenyewe.

Mfanano wa namna hii umekuwa kishawishi kikubwa kwa watafiti wa historia na wa isimu. Majina mawili yakilingana, huharakishwa kusemwa kwamba watu wa mahali pamoja walitoka mahali pengine. Hitimisho hilo si dogo. Katika pwani yetu, kauli juu ya nani alitangulia na nani alifuata ni kauli juu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Na mwenyeji na mgeni hawakupata kuwa na haki sawa juu ya ardhi, makaburi na uongozi wa mji. Kwa hiyo jina la mahali likitumiwa kama ushahidi, halina budi kupimwa kama ushahidi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina yanayoshirikiwa hayana asili ya aina moja. Yanadai pia kwamba ushindani baina ya miji yenye jina moja hauonekani katika jina lenyewe, bali katika kifafanuzi kinachoongezwa kwake: ni mji upi unaotajwa kwa jina tupu, na ni upi unaolazimika kuongezewa neno.

2.0 Jina moja, wenyewe wawili

Tatizo hili limepata sura mpya katika michezo ya mikakati ya kompyuta. Katika mfululizo unaojulikana kama Civilization, ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991, mchezaji huongoza dola moja dhidi ya dola pinzani, na kila dola hupewa orodha yake ya miji. Ugumu huzuka pale ambapo historia imeupa mji mmoja wenyewe wawili. Katika toleo la tano, lililotolewa mwaka 2010, na katika nyongeza yake ya mwaka 2012, ugumu huo ulitatuliwa kwa kuugawa mji mmoja katika majina mawili: dola ya Bizanti ilipewa Constantinople na dola ya Uthmaniya ikapewa Istanbul. Dola hizo mbili huweza kukutana katika mchezo mmoja, kila moja na mji mkuu wake, ingawa katika historia palikuwa na mji mmoja tu.

Utatuzi huo unafaa kwa mchezo, lakini hauafikiani na historia. Baada ya kuuteka mji huo mwaka 1453, watawala wa Uthmaniya hawakulitupa jina la zamani. Waliendelea kulitumia kwa umbo la Kostantiniyye katika sarafu na katika nyaraka zao kwa muda wa karne kadhaa. Mshindi hakuuchukua mji peke yake. Alilichukua na jina lake.

Mfano wa Carthage unafundisha zaidi. Jina hilo katika lugha ya Kifoinike lilikuwa Qart-hadasht, yaani 'mji mpya'. Watu wa Carthage walipojenga makao yao katika pwani ya Hispania, yapata mwaka 227 K.K., waliyapa jina hilohilo. Warumi, waliokuwa mahasimu wao, hawakuweza kuistahimili miji miwili yenye jina moja, wakauita wa Hispania Carthago Nova. Kwa kuwa jina lenyewe lilikwisha kubeba maana ya upya, Warumi walikuwa wakisema 'Mji Mpya Mpya'. Aliyeongeza kifafanuzi hakuwa mwenye mji. Alikuwa mshindani wake.

Waarabu nao wana Tripoli mbili, ya Libya na ya Lebanoni, nao huzitenga kwa kuiita ya kwanza Tripoli ya Magharibi na ya pili Tripoli ya Sham. Hapa kila mji umepewa kifafanuzi, na hakuna uliobaki na jina tupu mbele ya mwenzake. Tofauti baina ya mfano wa Warumi na huu wa Waarabu ndiyo tofauti itakayofuatwa katika pwani ya Waswahili.

3.0 Njia tatu za kushirikiana jina

Majina ya mahali katika pwani yanaweza kulingana kwa njia tatu, na kila njia ina thamani yake katika ushahidi wa kihistoria.

Njia ya kwanza ni ya maumbile ya mahali. Mbuyuni na Kisimani ni majina yanayopatikana katika sehemu nyingi mno, kwa sababu mibuyu na visima vipo katika sehemu nyingi. Mikindani ipo Mtwara, na Mikindani nyingine ipo Mombasa bara. Majina ya namna hii huundwa kwa nomino ya kawaida na kiambishi cha mahali -ni, na yanaweza kuzuka mara kumi bila ya mtu yeyote kuhama. Thamani yake katika kuthibitisha uhamaji ni ndogo sana.

Njia ya pili ni ya watu kuhama na jina lao. Mfano ulio wazi ni Mombasa. Wenyeji wa mji huo walijipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyogawanyika katika makundi mawili yaliyoshindana kwa muda mrefu. Tisa Taifa lilikuwa na Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wapaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni; Thelatha Taifa lilikuwa na Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Ukiyasoma majina haya unasoma ramani ya pwani: Pate, Paza, Kilifi, Mtwapa. Miji iliyogombana na kupatana na Mombasa kwa zamu ilikuwa na jina lake ndani ya Mombasa. Lakini izingatiwe kwamba kilichohamishwa hapa kimebeba kiambishi wa- cha ngeli ya watu. Mpate wa Mombasa hakuuita mtaa wake Pate. Alijiita yeye Mpate.

Njia ya tatu ni ya mahali pamoja kuwa na majina mengi, na kila jina kuwa na watetezi wake. Mombasa imeitwa Mvita, ikaitwa Gongwa, na ikaitwa Kongowea. Mapokeo yanalihusisha jina Kongowea na Mwana Mkisi, malkia anayetajwa kuwa wa asili, na jina Mvita na Shehe Mvita, aliyekuja kushika nafasi baada yake. Hivyo, kulichagua jina moja katika usemi au katika ushairi hakukuwa jambo la mapambo tu. Muyaka bin Haji (1776–1840), mshairi aliyesimama upande wa Mazrui dhidi ya Seyyid Said, alikuwa na majina hayo yote mkononi alipokuwa akiutetea mji wake.

4.0 Safari ya jina tupu

Mfano ulio bora wa jina tupu ni Kilwa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 katika Kilwa ambayo haikuhitaji kifafanuzi, kwa kuwa ilikuwa ni moja. Wareno waliishika mwaka 1505 wakaiacha mwaka 1512, nayo ikaendelea kuitwa hivyo. Hali ilibadilika wakati biashara ya misafara kutoka bara ilipohamia Kivinje, upande wa bara, hasa katika karne ya 19. Tangu hapo pakawa na Kilwa mbili, na mara nyingi wageni walioandika 'Kilwa' katika karne hiyo walikusudia Kivinje. Mji wa kale, uliokuwa na jina tupu kwa karne nyingi, ukawa ndio wa kuongezewa neno: Kilwa Kisiwani. Baadaye makao ya utawala wa wilaya yakawa Kilwa Masoko. Leo anayesema 'naishi Kilwa' anaweza kukusudia mji wowote kati ya hiyo mitatu au wilaya nzima. Lakini magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara, hayana budi kutajwa kwa kifafanuzi.

Mwendo huo unaonyesha kanuni. Jina tupu halibaki na mji uliotangulia; hufuata bandari, soko na ofisi. Kwa hiyo mtafiti anayesoma hati ya karne ya 19 na kukuta jina tupu hana budi kuuliza kwanza ni mji upi uliokuwa na nguvu wakati huo, kabla ya kuuliza ni upi ulio wa kale.

Aidha, jina tupu hufuata mahali aliposimama msemaji. Mtu wa mjini Unguja akisema 'Malindi' anakusudia mtaa ulio karibu na bandari. Mtu wa Mombasa akilisema neno hilohilo anakusudia mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja mahali pake.

5.0 Sarufi ya kifafanuzi

Kiswahili kina mbinu kuu mbili za kuongeza kifafanuzi katika jina la mahali. Mbinu ya kwanza ni kuyaweka majina mawili sambamba bila ya kiungo: Kilwa Kivinje, Mbagala Rangi Tatu. Mbinu ya pili ni kutumia kihusishi cha -a unganifu: Kongowe ya Kibaha, Kongowe ya Mbagala.

Mbinu hizi hazilingani. Jaribio la kuchomeka neno linalidhihirisha jambo hilo. Mtu huweza kusema 'Kongowe yetu ya Kibaha' bila ya kuiharibu maana. Akisema 'Kilwa yetu Kisiwani', jina limevunjika. 'Kisiwani' imerudi kuwa kielezi cha mahali. Maana yake ni kwamba katika usambamba kifafanuzi kimekuwa sehemu ya jina, lakini katika -a unganifu kimebaki nje yake, kikingojea kuondolewa mara hali inaporuhusu. Ndiyo sababu watu wa Kongowe zote mbili wakiwa nyumbani husema Kongowe tu. Hakuna iliyoshinda, na hakuna iliyoshindwa. Kama Tripoli za Waarabu, kila moja huongezewa neno mbele ya mwenzake tu.

Usambamba hupendwa na utawala, kwa kuwa hulifanya jina liwe moja lisilogawanyika. Majimbo ya uchaguzi ya Kibaha Mjini na Kibaha Vijijini ni mfano wa karibu. Lakini kifafanuzi kinachotegemea mipaka ya utawala hakidumu. Kisarawe ya leo si Kisarawe iliyokuwapo kabla ya Wilaya ya Mkuranga kumegwa kutoka kwayo katika miaka ya 1990. Jina la mahali huweza kubaki palepale wakati wilaya inayolifafanua ikihama.

6.0 Kongowe na Kongowea

Sasa inawezekana kulirudia swali la mwanzo: je, Kongowe ni Kongowea iliyohamishwa?

Kwanza, majina yanayoshirikiwa katika pwani kwa kawaida hulihifadhi umbo lake. Mikindani ni Mikindani kusini na kaskazini. Malindi ni Malindi. Anayedai kwamba Kongowea ilikuwa Kongowe anapaswa kueleza irabu -a ya mwisho imekwenda wapi, na kuonyesha majina mengine yaliyopoteza irabu hiyo kwa njia hiyohiyo. Jozi moja haifanyi kanuni ya sauti.

Pili, kuna maelezo yanayopendwa kwamba Kongowe inatokana na -kongwe, yaani mahali pa kale. Maelezo haya yana kikwazo cha kifonolojia. Kiswahili huigeuza irabu ya nyuma kuwa kiyeyusho w mbele ya irabu nyingine, kama mu-ana ilivyokuwa mwana. Kutoka kongwe kwenda kongowe ni kuirudisha njia hiyo nyuma.

Tatu, kuna kitenzi kongoa, yaani kukiondoa kilichopigiliwa. Kutokana na kitenzi hiki, umbo la nomino lenye -e ya kutendwa, kama katika kiumbe na mteule, lingetarajiwa kutoa kongole. Na umbo la kutendea ni kongolea. Hapa umbo linakaribia majina yote mawili, ingawa l hiyo haionekani katika lolote kati yao. Na hata kama l hiyo ilidondoka, kila jina lingeweza kuwa limezaliwa peke yake, mahali pake, kutokana na kitenzi kilichokuwa mali ya wote. Mofolojia ikifungua mlango haimaanishi kwamba mtu amepita.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kufanana kwa majina ya miji ni mwanzo wa uchunguzi, na si mwisho wake. Mtafiti anayekutana na jina linaloshirikiwa anapaswa kuuliza mambo manne: je, jina linaeleza maumbile ya mahali? Je, lililohamishwa ni jina la mahali au ni jina la watu? Je, ni mji upi ulioshika jina tupu, na katika kipindi gani? Na je, kifafanuzi kimeongezwa na wenyeji, na washindani au na ofisi?

Mtengenezaji wa mchezo analazimika kuliweka kila jina katika orodha ya dola moja. Waswahili hawakulazimika kufanya hivyo. Wameiacha Kongowe iwe mbili, wakauweka utambuzi wake katika neno fupi 'ya'. Mtafiti atakayeifuta moja ili aipe nyingine ukale wa Mombasa atakuwa amewageuza wenyeji kuwa wageni kwa sababu ya irabu moja.