Muhogo na Mti wa Mpira

Chanika ni upande wa Dar es Salaam ambako mji hukutana na shamba. Nyumba zinaongezeka mwaka hata mwaka, lakini ukiyaacha maduka ya barabarani hukawii kuona muhogo. Watu wa Pwani huupenda kwa kuwa haudai mengi: mchanga waufaa, jua haulichelei, na ukiisha kukomaa waweza kungoja ardhini mpaka siku ya haja. Mizizi yake ni chakula, na majani yake ni kisamvu.

Lakini muhogo una maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni batobato: majani hujikunja na kutoka mabaka ya manjano, na mizizi hudumaa. Wa pili ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, nao una hila zaidi. Mti waweza kusimama vizuri na majani yake, na mkulima akalihesabu shamba kuwa ndilo karo na chakula cha nyumba yake; hata siku ya kung'oa, akikata mzizi, huona ndani madoa ya kahawia, makavu, yasiyoliwa wala kuuzwa. Kazi ya mwaka mzima imepotea.

Magonjwa haya huletwa na virusi, visivyoonekana kwa macho. Hubebwa na nzi weupe, wadudu wadogo sana wakaao chini ya majani. Tena hubebwa na mkulima mwenyewe, maana muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na shina la mti mgonjwa huzaa mti mgonjwa. Jirani akupaye mbegu kwa moyo mwema aweza kukupa na ugonjwa ndani yake.

Dawa ya kuviua virusi hivi shambani haipo. Basi wataalamu walitafuta muhogo wenye nguvu ya kushindana navyo. Kazi hiyo ilifanyika Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikaendeshwa na Waingereza. Huko Bwana H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936. Yeye na Bwana R. F. W. Nichols wakamgeukia jamaa wa muhogo, yaani mti wa mpira, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Watu wa Pwani waujua sana, kwa kuwa majani yake hupikwa kisamvu cha mpira.

Waliuchukua unga wa ua la mti mmoja wakautia katika ua la mti wa pili. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu, ila mizizi yao haikufaa kitu, kama ya mpira. Ikabidi waoanishwe tena na muhogo, na tena, hata mara tatu, na kila mara kungoja mimea ikue, kuichungua, na kuitupa ile mibaya. Ni kazi ya subira isiyoonyesha faida upesi, na ndiyo sababu mkulima mdogo hawezi kuigharimia peke yake.

Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Mwaka 1967 ilianzishwa huko Ibadan taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo, kwa fedha za mifuko ya Ford na Rockefeller ya Marekani, nayo ikaendelea na uzao ule. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, mihogo iliyowaokoa wakulima wengi ilitoka Ibadan. Wajukuu wa Amani walirudi kwa njia ndefu. Ila Afrika ya Magharibi haikuwa na michirizi ya kahawia, kwa hiyo wengi wao hawakuwa na kinga nayo, na Pwani yetu wangeugua.

Kumbe mtoto mmoja wa Amani hakuondoka. Kusini mwa Tanzania wakulima walikuwa na muhogo uitwao Namikonga, na pwani ya Kenya kuna uitwao Kaleso. Wataalamu walipoilinganisha mihogo hiyo, waliona ni mmoja, nao ni ule wa Amani wenye namba 46106/27, uvumiliao michirizi ya kahawia. Wakulima walikuwa wameutunza miaka hamsini na zaidi, bila mshahara wala ripoti. Watafiti wa Tanzania wameutumia kuwa mzazi wa mihogo mipya. Mikocheni, Dar es Salaam, kituo cha utafiti kimepata msaada wa mfuko wa Bill na Melinda Gates kwa kuvichunguza virusi vya muhogo.

Mkulima wa Chanika asiyeipata bado mbegu mpya hufanya hivi: siku ya kung'oa huikata mizizi ya kila mti vipande vipande na kuitazama. Ule wenye mizizi myeupe kote, na majani yasiyo na mabaka, huweka shina lake kuwa mbegu. Ule wenye doa hata moja hulichoma shina lake, wala hampi jirani.