Mawazo Mengi Nayo Hutibika

Mtu akiumwa tumbo huenda zahanati. Lakini mwenye mawazo mengi hukaa kimya. Hapati usingizi. Chakula hakimpendezi. Kazi inamshinda. Huo nao ni ugonjwa, na hutibika.

Dokta Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili huko Zimbabwe. Mwaka 2005 mgonjwa wake mmoja alijiua. Alikuwa amekosa nauli ya kwenda hospitali. Daktari alisikitika sana. Akaamua kupeleka ushauri karibu na watu.

Mwaka 2006 mabibi 14 wa Mbare, mjini Harare, walifundishwa kazi hiyo. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati. Humsikiliza. Kisha mgonjwa huchagua shida moja ya kuanza nayo. Wote wawili hutafuta njia ya kuitatua. Siku nyingine mgonjwa hurudi, aeleze alivyofanya. Wengi wamepata nafuu.

Ndugu msomaji, usione haya. Mawazo yakikuzidi, nenda zahanati ukaeleze. Mshauri aliyefunzwa hutunza siri. Kumbuka: mficha maradhi, kifo humwumbua.