Nani anafungua faili la mwanao?

Mzazi wa Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, akimpeleka mtoto kliniki hujali zaidi homa na uzito. Ni mara chache anauliza nani atasoma yaliyoandikwa.

Swali hilo lina uzito pale zahanati inapohifadhi taarifa kwenye kompyuta. Wahudumu wote wakitumia neno la siri moja, hata asiyehusika anaweza kusoma majibu ya VVU, au kubadili tarehe ya chanjo bila kujulikana ni nani. Siri ikitoka, mtoto ndiye atakayenyooshewa kidole shuleni.

Dawa yake si ghali. Kila mhudumu awe na neno lake la siri, asilibandike ukutani. Mapokezi waone jina na namba ya faili tu. Maabara waandike majibu. Tabibu asome faili zima. Anayehama kituo aondolewe ruhusa siku hiyohiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mhusika anaweza kuomba kujua kilichohifadhiwa na kutaka makosa yarekebishwe. Akipuuzwa, hulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mzazi, siku ya kliniki muulize mganga mfawidhi kwa upole: faili la mwanangu linafunguliwa na nani? Kuuliza si ujeuri.