Stelingi Anapokufa

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni hii: stelingi hafi. Risasi zitamkosa, nyumba itamwangukia, lakini mwishoni atatoka akijipangusa vumbi. Kwa kuwa tunajua yeye atapona, tunavumilia vifo vya wengine. Mwongozaji anayeamua kuwaua karibu wote, stelingi akiwemo, anatunyang'anya uhakika huo, na lazima atupe jambo jingine la kufuatilia. Wengi hurundika maiti tu, na ikifika ya tano hatushtuki tena.

George A. Romero alijua la kufanya. Filamu yake ya Night of the Living Dead ilitoka mwaka 1968, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikiwa imepigwa jimboni Pennsylvania, Marekani, kwa takriban dola 114,000 tu. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani, na nje wafu waliofufuka wanasaka nyama ya binadamu. Wote saba wanakufa.

Tazama jinsi wanavyokufa. Tom na Judy wanakwenda kutia petroli garini, mafuta yanamwagikia mwenge. Tom angeweza kukimbia, ila koti la Judy limenasa. Anarudi kumnasua, gari linalipuka. Barbra anavutwa nje na kaka yake mwenyewe, aliyeuawa makaburini mwanzoni mwa filamu na sasa amerudi akiwa miongoni mwa wafu. Helen anamkuta binti yake chini kwenye handaki la nyumba akimla baba yake, na mama huyo hainui mkono kujitetea. Mapenzi ya wachumba, damu ya ndugu, uchungu wa mzazi: kila mmoja anafia mikononi mwa kile alichokitegemea. Ndiyo maana vifo hivi havichoshi. Kila kimoja kinafunga mlango mmoja wa kimbilio, nasi tunabaki tukihesabu milango iliyosalia.

Anabaki Ben, jasiri na mwenye akili. Usiku kucha amegombana na Harry, mume wa Helen, aliyetaka wote wajifungie handakini. Ben alisema huko ni mtegoni. Mambo yanapoharibika anaingia humohumo, na ndimo anamoponea hadi asubuhi. Hapa Romero anatupokonya hata faraja ya kusema aliyekuwa na busara ndiye aliyeshinda.

Kulipopambazuka wanafika waokoaji wenye bunduki na mbwa, wakiongozwa na mkuu wa polisi. Ben anachungulia dirishani, wanamdhania mfu, wanampiga risasi ya kichwa. Zinafuata picha mnato zenye chengachenga kama za magazetini: wanaume wenye kulabu, mwili wake, kisha moto. Ben aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, ingawa mswada haukutaja rangi ya mhusika. Filamu ilianza kuonyeshwa Oktoba, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa. Watazamaji wa Marekani walikwishaona picha za namna ile, za watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu, nazo hazikuwa za kuigiza.

Kampuni moja ya usambazaji ilitaka mwisho ubadilishwe, watengenezaji wakakataa. Naamini walifanya sahihi kabisa. Ben angepona, wale sita waliomtangulia wangegeuka ngazi za kumpandisha kwenye ushindi wake, na bunduki za asubuhi ile zingebaki kuwa za wakombozi.