Udugu wa Farasi wa Mbio

Katika kufasiri nasaba za farasi wa mbio, "ndugu wa kambo" hupotosha. Tumchukue Secretariat, aliyezaliwa Marekani mwaka 1970, baba yake Bold Ruler, mama yake Somethingroyal. Mwaka 1973 alishinda mashindano matatu makuu ya farasi wa miaka mitatu. Katika la mwisho, Belmont, alimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Sir Gaylord, ambaye Somethingroyal alimzaa kwa dume Turn-to, huitwa nduguye. Wana wengine wa Bold Ruler hawaitwi hivyo, kwani dume mmoja huzalisha majike mengi. Twapendekeza "ndugu wa mama mmoja". Baba naye akiwa mmoja, "ndugu shakiki", istilahi ambayo Waswahili wanayo tangu zamani.